Karanga Zilizokauka Mara Mbili

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo pua yangu huikumbuka kabla ya kichwa changu. Ilikuwa asubuhi, pale Nkuhungu, na harufu ya karanga zinazokaangwa ilikuwa imejaa ghala zima hadi barabarani, harufu ya kumfanya mtu aliyeshiba aanze kutafuta kikombe cha chai. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, ndogo, kama ya kanga iliyofuliwa ikasahauliwa sandukuni kabla haijakauka. Mimi niliisikia ile ya kwanza tu. Ile ya pili aliisikia mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga mlango wa chuo.

Lakini nisikimbie. Wewe unaniona leo na kiwanda changu, na gari langu, na wafanyakazi wanaosimama ninapopita, unaweza kudhani nilizaliwa hivi. Mimi ni mtoto wa Bahi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe na kashamba ka mpunga pembeni mwa mbuga, nami nilichunga mpaka nyayo zikapasuka. Nilisoma kwa kibatari. Sikuwa na mjomba ofisini wala shangazi mjini. Nilifaulu kwa kichwa hiki hiki unachokiona, nikapata nafasi ya kwenda India, nikakaa miaka mitatu, nikarudi na stashahada ya ugavi na usimamizi wa ubora. Ina mhuri mwekundu, na jina langu limeandikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuona. Iko ukutani sebuleni. Mgeni asipoiulizia, mimi humwonyesha. Sioni aibu kujisifu kwa kitu nilichokitolea jasho.

Nilirudi katika miaka ile ya ruksa. Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Zamani mkulima alipeleka karanga zake ushirika, zikakaguliwa, zikapangwa daraja la kwanza, la pili na la tatu, na za hovyo zikarudishwa nyumbani kwake mchana kweupe, majirani wakiona. Ushirika ulipolegea, kila mwenye lori akawa mnunuzi. Alifika kijijini na mzani wake, akachota zuri na baya kwa bei moja, akaondoka na vumbi. Maduka yalijaa vitu, na sisi vijana tulifurahi kuliko wote. Watu mjini walifungua viwanda vidogo: huyu sabuni, yule mvinyo, yule magodoro.

Bwana Ndahani, mwalimu mstaafu, alifungua cha unga wa lishe. Alinunua mashine ya kusaga na pipa kubwa la kukaangia, akavifunga katika ghala kuukuu pale Nkuhungu. Alichanganya mtama, mahindi na karanga kwa ajili ya uji wa watoto. Aliposikia kuna kijana wa Bahi amerudi kutoka India na elimu ya ubora, alinifuata mwenyewe hadi nyumbani. Nikawa meneja wa ununuzi na ubora. Cheo hicho nilikitunga mimi, naye akakikubali. Nilivaa tai kila siku, hata Dodoma inapochoma. Wanawake waliokuwa wakichambua nafaka wakanipa jina la Bwana Diploma. Nililichukua kama sifa, na kwa sehemu lilikuwa sifa.

Kwenye mlango wa kupokelea mizigo alikuwa akikaa Bi Mwanaidi. Alikuwa mtu wa mjini hasa, wa ukoo wa wale Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara, wakapapenda hapa, wakabaki. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ghala la ushirika akipanga madaraja ya mazao, mpaka ghala lilipofungwa. Sasa alikaa kwenye kigoda chake na vitu vitatu: ungo, kipande cha mkaa, na bambo. Bambo unalijua? Ni kile chuma chembamba chenye uwazi katikati, unakichoma kwenye gunia na nafaka inateremka kiganjani bila kufungua mshono. Kila gunia lililoingia alilichoma, akazitazama karanga, akazinusa, akatafuna moja, akaitema, kisha akachora ubavuni mwa gunia vimistari vya mkaa vilivyopindapinda. Ndipo gunia lilipoingia ndani.

Nilimtazama wiki moja nikiwa na saa mkononi. Lori lililoweza kushushwa kwa saa moja lilichukua asubuhi nzima. Basi nikamwendea na kisanduku changu cheusi. Ndani yake kulikuwa na kipima unyevu nilichokinunua India kwa posho yangu mwenyewe, chenye mshale unaotembea juu ya rangi tatu. Hapakuwa na kingine Dodoma nzima, au angalau mimi sikukijua.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, baba. Umebeba nini, redio?"

"Hiki kinapima unyevu. Nusu dakika, unajua karanga imekauka au haijakauka."

"Mashallah. Na kinaonja?"

"Hakina haja ya kuonja."

"Basi kimefunga. Mungu akipokelee swaumu yake."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga mtama wake. Mimi sikucheka. Siku hiyo hiyo nilimhamishia Bi Mwanaidi kwenye kufunga mifuko, nikaagiza magunia yote yageuzwe na kusuguliwa ule uchafu wa mkaa, kwa maana kiwanda cha kisasa hakiwezi kuonekana kama jiko. Hakubishana. Alichukua ungo wake na kigoda chake, akaliweka bambo juu ya meza yangu.

"Chukua, baba. Anayepokea ndiye anayelishika hili."

Nililitundika kwenye msumari ukutani. Likakaa hapo.

Haikupita muda mrefu, mfanyabiashara mmoja alinijia ofisini na kifuko cha karanga. Zilikuwa nene, za waridi, zimelingana kama shanga. Nikazipima, mshale ukalala kwenye rangi ya kijani. Alisema anazo gunia sitini kama hizo, anazileta kutoka Manyoni moja kwa moja, na bei yake ilikuwa chini ya wengine wote. Nilimpa mkono hapo hapo. Sikumuuliza zimevunwa lini, wala zimelala wapi, wala nani mwingine amewahi kununua kwake. Mwanangu, maswali hayo nilikuwa nimefundishwa darasani, nikayajibu kwenye mtihani, nikapata alama za juu. Nilinunua gunia sitini kwa kutazama kifuko kimoja alichonichagulia muuzaji mwenyewe.

Na karanga zile hazikuwa za duka. Hospitali moja ya misheni huko vijijini ilikuwa imetuomba unga kwa ajili ya wodi ya watoto waliokonda, wale ambao nywele zimegeuka rangi na miguu imevimba. Ulikuwa mzigo wetu wa kwanza mkubwa. Bwana Ndahani alitukusanya wote, kuanzia mimi hadi mfagiaji, akasema maneno machache: "Watoto hawa hawana akiba mwilini. Tutakachowapa ndicho kitakachowajenga. Wanausubiri Jumamosi."

Lori lilitakiwa kufika mwishoni mwa wiki iliyotangulia. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule. Lilifika siku kadhaa baadaye, asubuhi ya Alhamisi, na mimi nilikuwa nimefurahi mno kuliona hata nisiulize lilikuwa wapi. Vijana walishusha, wakapanga. Nilifungua magunia matatu yaliyokuwa juu, karibu na mkono wangu, nikaingiza kipima unyevu. Mshale ukalala kwenye kijani mara tatu. Nikatia saini. Dereva akaenda kunywa chai kwa mama lishe aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Saa nne hivi, magunia mawili yalikuwa yameshamiminwa kwenye pipa la kukaangia, na ile harufu niliyokuambia ikaanza kutembea.

Bi Mwanaidi alitokea chumba cha kufungia mifuko akiwa na sindano ya kushonea gunia mkononi. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Yohana, fundi wa kukaanga.

"Yohana, zima."

Yohana akanigeukia.

"Endelea," nikasema. "Bi Mwanaidi, kazi yako ni mifuko."

"Najua kazi yangu, baba. Zima, Yohana."

Yohana aliondoa mkono kwenye mashine, akatazama chini. "Meneja, unisamehe. Huyu mama ndiye aliyenifundisha kukaanga." Akazima.

Wanawake wote walisimamisha nyungo zao. Mimi nilikuwa na stashahada, tai na saini yangu iliyokuwa bado mbichi kwenye karatasi, na mashine ya kiwanda ninachokisimamia imezimwa na mama wa mifuko.

"Unajua hasara unayotutia?" nikamwambia. "Nimezipima. Zimekauka."

"Nakuomba gunia moja tu. La chini kabisa, lililogusa sakafu. Nikikosea, nitaosha gari lako mwezi mzima."

"Sina gari."

"Basi nitakusubiri ununue."

Walicheka tena, hata Yohana. Kicheko hicho ndicho kilichoniokoa, maana bila hicho ningeendelea kukaza shingo. Nikasema, haya, leteni la chini.

Vijana walilileta. Hakulichoma kwanza. Alilizunguka polepole kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani, akainama, akapitisha kidole kwenye kitako cha gunia. Akakwangua kitu kwa ukucha, akaniwekea kiganjani.

"Hiki nini?"

"Tope."

"La wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba chuoni hatukusomea matope.

"Mvumi udongo wao mwekundu. Kongwa ni mchanga. Hili jeusi. Litemee mate, ulisugue."

Nikatema mate, nikasugua. Likateleza katikati ya vidole vyangu kama sabuni, na mwili ukanisisimka. Tope hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Tulilifinyanga utotoni, tukatengeneza ng'ombe wenye nundu na pembe ndefu, tukawaanika juani wakapasuka vipandevipande vidogo, kama hiki kilichokuwa kiganjani mwangu.

"La kwetu," nikasema. "Mbuga ya Bahi, kwenye njia ya kutoka Manyoni."

"Mtoto wa Bahi," akasema Bi Mwanaidi, na hakusema kwa ukali, "tope la kwenu limekuja mpaka mlangoni kwako kukuamkia, wewe unatazama mshale."

Kisha akaanza kulisoma gunia, mwanangu, na hapo ndipo nilipovua tai bila kujua kwamba naivua. Alituonyesha mstari wa tope ulivyozunguka kitako, kimo cha viganja viwili, umenyooka. "Lilisimamishwa. Halikulazwa. Maji yalifika hapa. Lori lilikwama, wakashusha mzigo ili liwe jepesi litoke. Yaliyoshuka kwanza yalisimama kwenye maji, ya baadaye yakapandishwa juu ya wenzake. Yaliyolowa yakapakiwa mwisho, hapa yakashushwa kwanza, yakawa chini; ndiyo maana uliyoyapima wewe ni mazuri." Akamtuma kijana alitungue bambo pale ukutani, akalichoma gunia kwenye pembe ya chini, pale ambapo mimi nisingechoma hata mara moja. Karanga zikateremka kwenye ungo. Akazirusha mara tatu. Sijui nikuelezeje mikono ile. Karanga zilipanda pamoja na kushuka zimejitenga, nzito upande wa kifua chake, nyepesi ukingoni, kana kwamba kila moja imeitwa kwa jina. Akachukua moja ya ukingoni, akaisugua kidogo, ganda lake jembamba likabanduka lote kama la kitunguu. Akaipasua. Katikati, kwenye ule mfereji mdogo, kulikuwa na vumbi la kijivu linaloelekea ukijani.

Akaweka nusu ulimini, akatema. Nusu nyingine akanipa mimi. Nilitafuna. Uchungu ule ulipanda mpaka nyuma ya masikio.

"Lakini zimekauka," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba. Nilichomeka kipima unyevu kwenye zile zile za ukingoni. Mshale ukalala kwenye kijani.

"Mashine yako haikudanganya, baba. Zimekauka kweli. Sasa iulize zimekauka mara ngapi." Akasubiri, kana kwamba anaipa nafasi ijibu. "Mkulima alizikausha. Bahi zikalowa. Ukungu ukaja, ukakaa, ukala. Kisha wakazianika upya ndipo wakakuletea. Wewe umepima siku ya leo tu."

"Na tukizikaanga?"

"Ukizikaanga zitanukia. Ukizichanganya na mtama na sukari, hata mimi sitazijua tena. Atakayezijua ni mtoto."

Siku hizi wataalamu wana jina la kile kilichokuwa kwenye karanga zile. Wanakiita sumukuvu, na wanakuambia kwamba moto hauiondoi na kwamba hukaa kwenye ini la mlaji. Wakati ule Bi Mwanaidi hakuwa na jina hilo. Alikuwa na ulimi wake.

Nilimtuma mtu amwite dereva. Alikuja na kikombe mkononi.

"Dereva," Bi Mwanaidi akamwuliza, "pale Bahi mlilala siku nne au tano?"

Yule bwana alinitazama mimi, akalitazama gunia, akamtazama yule mama. "Kwani mama ulikuwepo?"

"Nijibu."

"Nne. Ya tano tulianika kwenye turubai, jua lilikuwa kali." Akawageukia wenzangu kwa sauti ya chini. "Huyu mama alikuwa ndani ya lori, nawaambia."

Hakuna aliyecheka safari hii. Tulimtazama Bi Mwanaidi kama watu waliosimama mbele ya jambo kubwa, wala sioni haya kusema kwamba mimi nilihisi woga kidogo, ule woga mzuri. Nilikuwa nimeona mashine nyingi katika nchi ya watu. Sikuwahi kuona mtu akilitazama gunia akakuambia safari yake yote, kituo kwa kituo, na aliyeliendesha akakubali.

Bwana Ndahani aliingia wakati huo. Alikuwa amekuja kuhesabu mifuko ya Jumamosi. Aliona mashine imezimwa, akaona ungo, akaonja, akatema. Alikuwa mwalimu, aliuliza kama walimu wanavyouliza.

"Nani amezipokea?"

Pipa la kukaangia lilikuwa linapoa, likilia ti, ti, ti. Nikasema, "Ni mimi. Saini yangu iko hapo."

"Na nani amezizuia?"

Bi Mwanaidi alikuwa anafunga upya ushungi wake. Alijibu kabla yangu: "Meneja ndiye aliyekubali tulitoe la chini."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amechagua ile kweli ndogo kuliko zote, ile iliyoniachia pa kusimama. Mwanangu, nimepewa zawadi nyingi katika maisha yangu. Hiyo bado naihesabu ya kwanza.

Nikashauri tumrudishie mwenye mali mzigo wake. Nilidhani hilo ni jibu la mtu aliyesoma.

"Halafu?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Halafu ni shauri lake."

"Atazipeleka sokoni. Wajukuu zangu mimi wananunuliwa karanga sokoni. Na wa kwako utakaowapata."

Bwana Ndahani alilikalia lile gunia la chini. Akasema, "Saini ni yetu, basi gunia ni letu." Tuliyakagua yote, moja baada ya jingine, mpaka jua likaelekea kuzama. Bi Mwanaidi alichoma, mimi niliandika. Mabaya tuliyatenga upande wa ukuta, tukayachimbia shimo nyuma ya ghala, tukayachoma moto pamoja na yale mawili yaliyokaangwa. Hata yale aliyoyapitisha hatukuyatia kwenye unga wa wale watoto. Yaliyofuata kati yetu na mwenye mali yalikuwa marefu, wala hayakuwa matamu, nitayaacha.

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake Bwana Ndahani alinituma kule hospitali kupeleka habari. "Barua sitaandika," akasema. "Nenda ukaseme kwa mdomo." Nilisimama mbele ya muuguzi mkuu wa wodi ile, nikamwambia kwamba unga utachelewa wiki moja kwa sababu mimi nilipokea karanga mbovu. Alinitazama sana. Nyuma yake mtoto mmoja, kichwa kikubwa na shingo kama kijiti, alikuwa anakunywa uji kwa kijiko, taratibu, akifunga macho kila anapomeza. "Tutawapa uji wa maziwa wiki hii," akasema yule muuguzi. "Leteni unga ulio safi." Nilimtazama mtoto yule mpaka nikaona haya. Alikuwa anameza bila kuuliza. Angemeza na zangu vile vile.

Kesho yake mimi na Bi Mwanaidi tulikwenda Mvumi. Hatukununua kwa kifuko. Tulipita nyumba kwa nyumba, na yeye ndiye aliyeuliza: Mlizing'oa lini? Mlizianika juu ya nini, mkeka au ardhi tupu? Usiku mlizifunika? Mama mmoja alikiri kwamba zake ziliwahi kunyeshewa, akaomba tusizinunue, bali mwakani turudi. Walimwambia kweli, kwa sababu aliuliza kama mtu ambaye atarudi. Kila tulichonunua alikichoma chini, akakinusa, akachora mkaa wake ubavuni.

Tulikuwa nyuma ya gari, tumekaa juu ya magunia, nilipovitazama vile vimistari kwa karibu kwa mara ya kwanza. Vilikuwa vinatoka kulia kwenda kushoto.

"Bi Mwanaidi. Hizi ni herufi?"

"Ulidhani nachora maua?"

Kilikuwa Kiswahili, mwanangu, kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa madrasa akiwa binti. Akanisomea gunia nililolikalia: jina la mkulima, kijiji, siku ya kununuliwa, na neno moja, njema. Jingine: jina, kijiji, siku, na neno, tazama tena. Magunia yote yaliyopita mlangoni kwake tangu kiwanda kifunguliwe yalikuwa na maneno hayo. Chuoni tulitumia mihula miwili kujifunza jambo hilo, kwamba kila mzigo uweze kufuatwa nyuma hadi ulikotoka. Yeye alilifanya kwa mkaa, kila siku, mbele ya macho yangu, nami nikaamuru lisuguliwe kama uchafu. Nilishuka kwenye gunia lile, nikakaa kwenye sakafu ya gari mpaka tukaziona taa za mjini.

Unga ulifika hospitali kwa siku tuliyoahidi. Bi Mwanaidi alirudi mlangoni, na bambo nikamrudishia kwa mikono miwili.

Usidhani nakuambia elimu yangu ilikuwa bure. Siwezi kusema hivyo. Nitakuwa namtukana mtoto wa Bahi aliyekaa chini ya kibatari. Mkaa unafutika, na mimi ndiye niliyeleta kadi zinazobaki kwenye jalada hata gunia likiisha. Kipima unyevu changu kilikamata karanga mbichi ambazo jicho lingepitisha. Mimi ndiye niliyeandika na kubandika mlangoni tunataka karanga ya namna gani, ili muuzaji ajue kabla hajapakia. Lakini niliyaandika yote hayo nikiwa nimekaa pembeni ya kigoda chake, nikimwuliza. Tukaweka na sheria moja ambayo iko kwenye kiwanda changu hadi leo: mtu yeyote, hata anayefagia, akisema zima, mashine inazimwa kwanza, maswali baadaye.

Sasa sikia ninachokutaka ukishike, wewe unayeanza kazi ya kununua au kutengeneza vitu watakavyotumia wenzako. Kabla hujanunua, jua unataka nini na ukiseme wazi. Usiiamini sampuli aliyokuchagulia mwenye kuuza. Ichukue mwenyewe, na uichukue pale asipopenda uchukue. Bei ndogo iulize imetoka wapi. Chombo cha kupimia kiheshimu, lakini ujue kinachopima na kisichopima. Kibaya kikishaingia kwako, usikisukumie kwa mwingine. Saini yako ichukulie kama umeionja kwa ulimi wako. Na aliyeko mlangoni miaka mingi kabla hujaja, hata kama hana karatasi ukutani, mwamkie, kisha kaa umtazame kazini kabla hujamhamisha. Mimi nilimtazama wiki nzima, lakini nilikuwa natazama saa.

Bi Mwanaidi ametangulia mbele ya haki. Bambo lake aliniachia mimi, limechongoka na kung'aa kwa mkono wake, na liko ukutani pamoja na stashahada yangu. Tofauti ni kwamba stashahada haishuki. Bambo hulishusha kila lori linapoingia, nikainama, magoti yakilalamika, nikachoma pembe ya chini.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe elimu uitakayo, uitundike na uisifie. Akupe pua inayosikia harufu ndogo chini ya ile kubwa. Akupe ujasiri wa kusema zima, na siku utakapoambiwa wewe, akupe moyo wa kuondoa mkono kwenye mashine. Mtoto usiyemjua, aliyefumba macho anapomeza, awe salama kwa sababu ulikuwepo mlangoni. Amina.